Kiti cha Mgeni Asiyetarajiwa

Ijumaa, 20 Desemba. Thesaloniki, Ugiriki.
Wapolandi wote wa mtaa huu (tisa!) tumekutana kugawana nani alete kipi kati ya vyakula kumi na viwili vya mkesha wa Krismasi. Niliomba kupika supu ya bitiruti, ile ya bibi yangu. Bi Bogumiła, mwenye meza na mwenye kauli, akasema supu ni yake, mimi nilete mkate. Mkate! Mwaka wa nne mfululizo. Nikasema, kwa utulivu mkubwa, kwamba siji, nimealikwa kwa profesa wangu. Profesa yuko Krete kwa mama mkwe wake. Bi Bogumiła akasema haya, binti, shauri yako.

Jumapili, 22 Desemba.
Nimelia kidogo. Si kwa ajili ya Bi Bogumiła! Ila usiku huo tunavunjiana kaki iliyobarikiwa, nyembamba kama hostia ya kanisani, na kusameheana, na Mama atapiga simu kuuliza nilivunjiana na nani. Siwezi kumtajia kopo la dagaa nitakalokula peke yangu.

Baadaye, nikiwa naoga: wazo! Kila meza ya mkesha kwetu huwekewa kiti kitupu, cha mgeni asiyetarajiwa. Akibisha hodi, hafukuzwi. Nami nimeshakataa, nani atanitarajia? Nitatokea na supu yangu. Bi Bogumiła hana pa kutokea.

Jumanne, 24 Desemba.
Nilifika kwa Bi Bogumiła saa kumi na moja jioni, nikakaa ngazini na sufuria nikisubiri nyota ya kwanza itoke, waanze kula. Saa nzima. Kimya! Hata kijiko hakikulia. Akapita Mzee Fotis wa ghorofa ya juu, Mgiriki, akauliza nani kafa. Nikamjibu kwamba nasubiri kutotarajiwa. Akatikisa kichwa, akaenda kubisha kwa Bi Bogumiła kumwambia kuna msichana kachanganyikiwa ngazini.

Vigelegele ndani! Miaka kumi na moja kiti kile hakijapata mtu. Wakamkalisha Mzee Fotis!

Kisha Bi Bogumiła akatoa kichwa. "We Jagoda! Nyota imetoka kitambo, watu wanakufa njaa, umejikunyata hapo kama paka! Mkate uko wapi?"

Nikasema sina mkate, nina supu. Nikamkumbusha kwamba nilikataa mwaliko. Akauliza ni mwaka gani sikukataa.

Kando ya sahani yake palikuwa na sahani nyingine, juu yake kadi. Jina langu.

Tukala bila mkate. Tulipovunjiana kaki akanitakia afya, na kiburi kipungue. Nikamtakia vivyo hivyo. Mzee Fotis akanywa mabakuli matatu ya supu yangu, akamsifu Bi Bogumiła kwa mapishi. Naye akashukuru!

Jumatano, 25 Desemba.
Mama kapiga simu. Nimesema nilivunjiana na mama mmoja mwema. Jina sikulitaja.

Nimetafakari asubuhi nzima. Kosa lilikuwa moja tu: Mzee Fotis. Mwakani nitakataa mapema, Oktoba hivi, na mzee nitamshawishi aende kwa binti yake mjini Kavala. Supu, sufuria mbili. Mkate wausahau.