Nyasi za Raymundi na Kuku wa Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Februari 1951
Nyasi zangu zinakufa. Mvua inanyesha, Tabora nzima ni kijani, na mbele ya nyumba yangu kuna mabaka ya njano mapana kama sinia. Mkaguzi wa nyumba za makarani wa reli atapita Jumamosi ya wiki ijayo. Mwenye ua bora atapewa ile nyumba ya vyumba vitatu iliyo wazi. Mimi nina viwili. Kimoja changu na mke wangu Eustadia. Cha pili analala binti yetu Flavia na mama mkwe wangu, Bibi Nyamizi, aliyetoka Nzega na kuku wanne. Mtu na mama mkwe wake hawapaswi hata kugongana mlangoni. Miezi minane sasa nakohoa kabla ya kutoka chumbani kwangu, ili anipishe. Nimechoka kukohoa.

Jumanne, 6 Februari
Nimemjua adui. Ni Masele, karani wa tiketi, jirani yangu. Anaitaka nyumba ileile, na nyasi zake zinang'aa. Bila shaka anamwaga chumvi kwangu. Nilimwambia usoni. Alicheka, akanishauri nizivute nyasi nione kama bado zina mizizi. Sipokei ushauri wa adui.

Alhamisi, 8 Februari
Mama mkwe hasemi nami. Anasema na kuku wake, kwa sauti ya kunifikia. Leo amewaambia kwamba chakula chao kimejaa chini ya nyasi za msomi mmoja, naye msomi amewafunga kamba miguuni.
Eustadia akadakia: "Baba Flavia, wafungulie tu hao kuku."
Nikamjibu kwamba kuku hupekua, na mkaguzi hampi nyumba mtu mwenye ua uliopekuliwa.

Ijumaa, 9 Februari
Nimezivuta, Masele akiwa kazini. Zimenyanyuka kama mkeka. Mizizi yote imetafunwa. Chini yake wamelala funza weupe, wanono, wamejikunja, vichwa vya kahawia. Katika baka moja nimehesabu thelathini na wanane. Kumbe Masele hamwagi chumvi. Ameniletea funza.
Eustadia anasema hakuna aliyewaleta, ni watoto wa wale mbawakawa wanaojigonga kwenye taa mvua zikianza. Mke wangu ana moyo mwepesi. Hajui watu.

Jumapili, 11 Februari
Masele na watu wake walipokwenda kanisani kwao, kwa Wamoraviani, nilichimba funza mia na kumi nikawafukia kwenye nyasi zake. Misa ilinipita. Mchana nilichemsha madebe mawili ya tumbaku kali nikayamwaga kwangu. Flavia alikohoa. Mama mkwe alikohoa. Kwa mara ya kwanza si mimi.

Jumatano, 14 Februari
Tumbaku imeziunguza nyasi zilizobaki. Funza wazima. Kwa Masele, kuku wake waliwafukua wote siku ileile, naye akazikanyaga nyasi zikarudi chini, akamwagilia. Leo amenieleza, bila kuulizwa, kwamba kuku wake wanataga vizuri sana wiki hii. Nilikata salamu.

Jumamosi, 17 Februari
Mkaguzi amekuja. Alikanyaga ukingo wa nyasi, zikateleza na yeye juu yake, akakaa chini. Aliponyanyuka, funza mmoja alikuwa kwenye kaptula yake.
"Raymundi," akasema, "hapa unafuga nini?"
Nyumba amepewa Masele. Nimelala mchana kutwa nikiutazama ukuta, nikiwasikia akina Masele wakihamisha vitanda na kucheka.

Jumanne, 13 Machi
Nyasi zimerudi. Nene, za kijani. Eustadia amekiri kwamba tangu siku ya ukaguzi mama yake huwafungulia kuku nikishatoka kwenda kazini, na kwamba walipomaliza funza yeye mwenyewe alipandikiza nyasi upya. Wanawake hupenda sifa. Ni tumbaku. Dawa nzuri huchelewa kufanya kazi, ndiyo maana.
Nyumba nyingine itakuwa wazi mwezi wa sita, na safari hii sitasubiri ukaguzi. Jana nilipita nyumbani kwa mkaguzi, nikaona mabaka mawili ya njano kwenye nyasi zake. Kesho anasafiri Urambo. Nitazitibu bila kumwambia, afurahi akirudi. Madebe sita yanachemka jikoni. Tumbaku nimetia maradufu, ili kwake isichelewe.