Turudishieni Bi Ustawi

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Kijani,

YAH: KUNYANG'ANYWA AFISA WETU WA USTAWI WA JAMII

Salamu kwako na kwa wote wa ofisini kwako. Mimi ni fundi cherehani wa hapa njia panda, mlezi wa binti wa marehemu dada yangu, mtoto wa miaka saba asiyesikia. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa nina hasira mpaka leo nimeshona mfuko wa suruali ya mteja kwa nje.

Afisa ustawi wetu, tuliyemwita Bi Ustawi, alikuwa wetu miaka kumi na sita. Anakuja na baiskeli yake, anaingia mpaka jikoni, anafunua sufuria bila kuombwa, anauliza nani kalala na njaa na nani kapigwa. Tulimlalamikia kila siku, na kila siku tulichungulia njia kama anakuja. Kisha mkampa fulana ya kijani, akawa diwani, na sasa mnamtaka bungeni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Binti yangu amepata nafasi katika shule ya bweni ya viziwi. Nafasi inafungwa Ijumaa hii, na fomu mpaka leo haina saini. Zamani Bi Ustawi angekuwa ameshafika mara nne. Sasa yuko kwenye mikutano ya hadhara akitetea hewa. Hewa, Ndugu Mwenyekiti! Hewa imekosa shule lini?

2. Mti ulio nyuma ya choo changu umetembelewa mara tatu. Umepimwa kiuno, umepewa namba, umefunguliwa faili. Mara ya mwisho Bi Ustawi aliniuliza kama kuna mtu hapa nyumbani anayeunyanyasa. Nikamwambia ni mbuzi wa jirani. Akaandika.

3. Mfyatua matofali alikuwa akimwaga taka kijitoni. Mwanasiasa mwingine angemshtaki. Bi Ustawi akawaita wote wawili kwenye usuluhishi, yeye na kijito, kama mume na mke. Kijito hakikuweza kuhudhuria, kikawekewa kiti kitupu, tena kiti cha wateja wangu. Tukanyamaza dakika kumi ili kijito kitoe dukuduku lake. Mfyatua matofali, jitu zima na ndevu zake, akaangua kilio na kukiomba kiti msamaha. Tangu siku hiyo hamwagi kitu, nakiri, na watoto wameacha kuharisha. Lakini kiti mmekiweka ofisini kwenu kama mwanachama, na wateja wangu wanasubiri wamesimama.

4. Kwa kuwa kwenu anayehudumiwa ni yule asiye na sauti, nikaona nitumie akili. Juzi msafara wenu ulipopita nilimsimamisha binti yangu kando ya barabara na matawi mikononi, na kibao chenye namba kifuani. Mti hausikii, naye hasikii. Mti hausemi, naye hasemi. Mkampungia mkono, mkampa kipeperushi, mkapita zenu!

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Mumfukuze Bi Ustawi uanachama kabla ya Ijumaa, tena kwa aibu, akose pa kwenda ila huku kwetu. Au mumwandikishe binti yangu kama chanzo cha maji, apate haki zake.

Nisalimie katibu, mweka hazina, dereva wa gari la matangazo, na kijito pia kama bado mnakikaribisha vikaoni.

Wenu mwenye uchungu,
Fundi Cherehani, Njia Panda

Tanbihi: Nisije nikamsingizia mtu wa watu. Bi Ustawi aliileta fomu mwenyewe miezi miwili iliyopita, imejazwa yote, akaniachia. Saini inayokosekana ni yangu. Shule ni ya bweni, Ndugu Mwenyekiti, na mtoto huyu nikimwimbia huweka kiganja kooni pangu, ndivyo anavyonisikia. Najua anatakiwa kwenda. Msimfukuze Bi Ustawi. Mpeni ruhusa tu Alhamisi aje anifokee kama zamani, mpaka nisaini.