Kamba, Vitenzi na Guta la Maparachichi

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba tatizo la biashara ya mpakani Tunduma lilipatiwa ufumbuzi wa kudumu, uliodumu siku mbili. Tatizo halikuwa foleni ya malori wala vumbi. Lilikuwa Kiingereza cha kina mama wauza matunda.

Aliyeligundua ni Mheshimiwa Gibson, kwa masikio yake mwenyewe. Alimsikia mama mmoja akimwambia mteja wa Nakonde, upande wa Zambia, "I want selling you." Mteja alicheka, akanunua ndoo nzima. Mheshimiwa hakucheka. Wiki iliyofuata ikazaliwa Kamati ya Udhibiti wa Vitenzi Mpakani, yeye Mwenyekiti, mimi Yonathani Katibu. Tukatunga kanuni: hakuna mtu, hata awe nani, atakayevuka bila cheti cha kuthibitisha kwamba anajua ni kitenzi kipi cha Kiingereza hufuatwa na "to", na kipi hufuatwa na kingine chenye "ing". Aliyefeli akate rufaa kwa Mwenyekiti, itakayosikilizwa kesho yake asubuhi. Maneno "hata awe nani" niliyaongeza mimi, maana yanaipa kanuni uzito.

Ofisi tulipata nyumba safi, imeegemea kabisa bikoni, lile jiwe la alama ya mpaka. Choo chake kiko hatua tisa ndani ya Zambia. Hatukuona ubaya. Tunduma kila mtu huvuka kufuata kitu: sabuni, mkate, mchumba. Tukafunga kamba ya katani kwenye uchochoro wa kuvukia, ulio pia njia pekee ya chooni, kazi ikaanza.

Wa kwanza alikuwa Ferista, mkulima mtu mzima kutoka Mbozi, na guta lake la magurudumu matatu, limejaa maparachichi.

"Mama, kamilisha: I hope..."

"I hope crossing, mwanangu."

"Umefeli."

"Nimefeli nini? Miaka ishirini nauza ng'ambo, hakuna aliyerudisha parachichi kwa sababu ya Kiingereza." Alibonyeza tunda moja kwa kidole gumba. "Haya yana siku mbili. Yakilala zaidi ya hapo nawapa nguruwe. Ndiyo mavuno yangu yote ya msimu, baba."

"Kanuni haina msimu," nilimjibu. Jibu hilo bado najivunia.

Mwenyekiti akaagiza maparachichi kumi yaliyoiva yachukuliwe kama vielelezo. Ferista akakata rufaa.

Mchana wote alikaa kwenye bikoni na mteja wake wa Nakonde, Imelda, dada aliyesoma hadi chuo. Walikuwa wakichambua maparachichi, laini kapu hili, magumu kapu lile, kama Ferista anavyofanya kila siku ili yanayoiva yauzwe kwanza. Nilisogea kupeleleza.

"Enjoy?" aliuliza Imelda.

"Laini. Anataka ing. Enjoy selling."

"Want?"

"Mgumu huyo. To. Want to sell."

"Finish? Avoid?"

"Laini, laini."

"Hope? Decide?"

"Magumu yote mawili."

"Na begin?"

Ferista alilibonyeza tunda, akafikiri. "Huyu nusu nusu. Kapu lolote anakaa."

Nilikwenda kuitazama karatasi ya majibu. Ilikuwa hivyo hivyo. Iliniuma, maana mimi nilikuwa nimeikariri bila kuielewa.

Asubuhi Mwenyekiti alisikiliza rufaa, akiuliza maswali na kuchungulia majibu kwenye karatasi. Ferista alipata thelathini kwa thelathini. Kwa kuwa Kamati nzima haikuwa na mtu hata mmoja mwenye cheti, aliteuliwa pale pale kuwa Mkaguzi wa Kamba. Tulimvisha skafu ya bluu, akapigwa picha.

"Asante, Mheshimiwa. Sasa nivushe mzigo wangu."

"Mkaguzi haachi kituo," alisema Mwenyekiti. "Hadi jioni."

"Jioni yatakuwa uji!"

"Ni heshima, mama."

Nyuma ya kamba kina mama thelathini na mmoja walikuwa wamejipanga na mizigo yao, na guta la Ferista mbele kabisa, likinukia utamu wa kuharibika. Ilikuwa saa nne. Mwenyekiti alikuwa amemaliza kula vielelezo vyote kumi, na chai ya maziwa juu yake.

Tulimwona akitoka ofisini kuelekea upande wa choo, kwa mwendo ambao si wa kiofisi.

"Fungua kamba, Ferista!"

"Cheti, Mheshimiwa."

"Mimi ndiye ninayevitoa!"

"Kanuni inasema hata awe nani."

Mwenyekiti alinigeukia. Mimi nikaviangalia viatu vyangu.

"Basi niulize! Upesi!"

"Kamilisha: I enjoy..."

"I enjoy to pass!"

"Enjoy ni laini, baba. Umefeli."

"Nakata rufaa!"

"Itasikilizwa kesho asubuhi. Na Mwenyekiti."

Kwenye foleni wengine walikuwa wamejiziba midomo kwa khanga. Mwenyekiti alininyang'anya daftari, akaliweka mgongoni kwangu, akaandika kwamba Kamati imevunjwa na kanuni zake zote zimefutwa. Ulikuwa uamuzi wa haraka kuliko yote katika utumishi wake.

Ferista alivaa miwani. Akasoma neno kwa neno.

"Tarehe hujaweka."

Akaweka tarehe.

"Na muhuri?"

Nilikimbia kuuleta, nikakimbia nao kurudi. Ndipo Ferista alipovua skafu, akaikunja vizuri, akanikabidhi, akafungua kamba.

Uchochoro ule ni mwembamba. Guta la Ferista liliingia la kwanza, Imelda akilisukuma kwa nyuma, na kina mama thelathini na mmoja wakafuata, mzigo kwa mzigo, bila haraka. Mwenyekiti alipaza sauti wampishe. Nilimkumbusha kwa upole kwamba, Kamati ikiwa imevunjwa, hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kumwambia yeyote apishe.

Muhtasari unaonyesha kuwa alikuwa bado anasubiri mama wa kumi na tisa apite, alipoacha kusubiri. Alielekea nyumbani kwa hatua fupi fupi, koti la suti amelifunga kiunoni, na kila mama aliyebaki kwenye foleni alimuaga kwa heshima zote, kwa Kiingereza.