Rimu Inchi Kumi na Tano kwa Datsun ya Mjomba

Jumatatu, 4 Septemba 1995

Ndiyo, nimezichukua. Na ukiniuliza tena jibu ni lilelile. Rimu nne za alumini, inchi kumi na tano, zimevuliwa kwenye Bluebird iliyogongwa huko ng'ambo, zikaja na kontena la Dubai mpaka Kariakoo, na leo ziko chini ya kitanda changu. Nimetoa redio kaseti na baiskeli. Mama akauliza sasa nitakwenda sokoni na nini. Nikamwambia na Datsun. Alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini Datsun ipo! Ni ya Mjomba Stambuli wa Mlali. Mbili arobaini Z, milango miwili, viti viwili, pua ndefu kama mamba aliyelala. Aliachiwa na Mgiriki wa shamba la mkonge, Mjomba alikuwa dereva wake. Miaka yote imekaa bandani, kuku wanatagia kwenye buti. Sasa iko hapa Mwembesongo, gereji kwa Amosi, na injini inanguruma. Imebaki miguu tu. Rimu zake za zamani, inchi kumi na nne, nyembamba, zimeliwa na kutu.

Kwetu Waluguru mali ya mjomba wanakula wapwa. Wapwa tuko wawili, mimi na Abeid, mtoto wa mama mdogo. Mimi nauza viatu vya mitumba. Abeid anauza kabichi na pikapu yake imechoka. Akiipata Datsun anasema atakata paa, atoe kioo cha nyuma, aweke bodi ya kabichi. Kaniambia hivyo usoni, huku anatafuna muwa.

Mjomba kaamua. Jumamosi binti yake Furaha anaolewa Mlali. Bwana harusi ni mwalimu wa hapa mjini. Nimpeleke mimi na Datsun. Ikiingia uani kwa miguu yake yenyewe, haivutwi, haisukumwi, ni yangu. Ikishindwa, ni ya Abeid na msumeno wake.

Siku tano. Naona nimeshapata gari.

Jumanne, 5 Septemba

Amosi ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wetu. Hawezi kumsalimia Mluguru bila kumtukana kwanza. Leo kaziangalia rimu zangu, kaniangalia mimi, kauliza kama kwetu milimani gari tumeanza kuliona lini. Nikamjibu tangu siku babu zake walipopita kwetu na mizigo kichwani wakaomba maji. Tukaanza kazi.

Matundu manne kwa boliti nne. Zimeingia kama zimezaliwa pamoja! Nikaruka. Amosi akaniambia nitulie, azungushe tairi. Halikuzunguka. Upande wa ndani limeng'ang'ania shokapu kama mtoto na mguu wa mama yake.

Kanieleza, nami naandika nisije nikadanganywa. Rimu ina sahani, pale nati zinapokaza. Bluebird inavutwa na miguu ya mbele, kwa hiyo sahani yake imekaa nje kabisa na tairi lote linazama ndani. Datsun inasukumwa na miguu ya nyuma. Yenyewe inataka sahani ikae katikati. Inchi kumi na tano si tatizo, anasema, na upana pia unakubali. Tatizo ni hicho kina.

Nikamwambia mimi ni mtu wa viatu. Kiatu kikikataa mguu unatia karatasi, kinakubali. Akasema kiatu hakizunguki.

Akaniambia zile za zamani anaweza kuzigonga, kuziunga na kuzipaka rangi kwa siku mbili. Nikamuuliza nani anakwenda harusini na ndala za bafuni.

Jumatano, 6 Septemba

Wazo! Kama tairi linazama ndani, tulisukume nje. Tuweke kisahani cha chuma kati ya rimu na gari. Nimemwambia Amosi kwa sauti ya mtu aliyevumbua umeme. Kumbe alishakata manne tangu asubuhi, kutoka kwenye diski la plau la trekta bovu. Kapimia spoku ya baiskeli na uzi. Unene kidole kimoja. Si kimoja na nusu, kasema, kidole kimoja, na hapa kanishika kidole changu akakitikisa.

Mwalimu kaja kuliona gari lake la harusi. Mtu mpole sana, ana kalamu tatu mfukoni. Akaingia, magoti yakafika kwenye kidevu. Akauliza mpambe wake atakaa wapi. Nikamwambia gari la namna hii halina mpambe, lenyewe ndilo mpambe. Akasema sawa. Mwalimu anasema sawa kwa kila kitu. Furaha kaokota dhahabu.

Alhamisi, 7 Septemba

INATEMBEA! Nimeizungusha Mwembesongo mara tatu. Gari la kampeni lilikuwa linapita na vipaza sauti, watu wakaliacha linahutubia wakanigeukia mimi. Haikwaruzi, haigusi, haitetemeki. Amosi kaweka sikio kwenye kila tairi kama daktari, akasema imekubali, na mtu asiiguse tena.

Nilikuwa na furaha mpaka alipopita Abeid na kabichi zake. Kasimama. Kaizunguka. Akasema injini nzuri, rangi nzuri, lakini mbona matairi yamejificha chini ya madigadi, gari linatembea kama mtu aliyeficha pesa katikati ya magoti.

Regina, anayeuza chai mlangoni pa gereji, akacheka. Regina! Anayenipa kitumbua cha tatu bure. Akasema ni kweli, limebana mapaja.

Nimerudi kulitazama kwa nyuma. Limebana. Gari la spoti lazima lisimame kama baunsa mlangoni, miguu nje. Sijapata hamu ya kula.

Ijumaa, 8 Septemba

Amosi kaondoka mapema kwenda Mlali. Harusi ya Waluguru bila watani wa kuvuruga mambo haijakamilika, na yeye ndiye kiongozi wa wavurugaji. Kaacha maagizo kwa kila mtu kwamba mimi nisishike spana.

Baada ya swala ya Ijumaa nimeshika spana.

Matairi ya mbele sijayagusa, mimi si mjinga. Ya nyuma tu. Nimepata mtu anayechomelea madirisha hapo jirani, nikampa vipande vya lile diski, kanikatia visahani vya vidole viwili. Nikavifunga. Jamani! Tairi limetoka, limeng'aa, limejaza madigadi mpaka linachungulia nje. Regina kaja mwenyewe na chai, hajaitwa.

Kitu kidogo tu. Visahani vikiwa vinene, boliti zinabaki fupi. Nati inashika mizunguko mitatu, basi imefika mwisho. Nimehesabu mara mbili. Lakini mitatu inatosha. Ndoa yenyewe inashikwa na mashahidi wawili.

Jumamosi, 9 Septemba

Naandika nikiwa Mlali, nyuma ya banda la kuku, maana mbele kuna watu.

Asubuhi ilikuwa nzuri kuliko asubuhi zote. Mwalimu ndani ya kanzu nyeupe, koti jeusi, magoti kidevuni. Barabara ya lami tumekwenda kama maji. Watu wa Mzumbe walisimama. Abeid yuko nyuma na pikapu, kabeba ndugu wa bwana harusi juu ya magunia, na kila nikimtazama kwenye kioo anazidi kuwa mdogo. Nikaimba. Mwalimu akaitikia.

Barabara ya vumbi ikaanza. Nikasikia tk, tk, tk kushoto nyuma. Mwalimu akauliza ni nini. Nikamwambia ni gari linapiga makofi. Akasema sawa.

Kiteremko cha mwisho, nyumba ya Mjomba inaonekana, ngoma inasikika. Nikapunguza mwendo ili waione vizuri. Mara tairi moja likatupita.

Mwalimu ndiye aliyeliona kwanza. Akasema kwa upole, kuna mtu kapoteza tairi. Nikasema kweli, watu wengine hawako makini. Kisha upande wa kushoto ukakaa chini, cheche zikaruka, vumbi likatumeza, tukasimama tumeinama kama mtu anayetafuta sindano. Salama wote. Kanzu ya Mwalimu imekuwa rangi ya barabara.

Tairi halikusimama. Limeshuka kiteremko chote, limepiga kona yenyewe, limekata shamba la maharage, limeingia uani kwa Mjomba katikati ya ngoma. Wanawake wakapiga vigelegele. Walidhani ni mbwembwe nilizopanga.

Abeid akafika. Kamchukua Mwalimu akamkalisha mbele, akaniangalia, akafanya kwa mkono hivi, kama mtu anayekata kwa msumeno.

Nikakimbia kwa miguu. Nikamfikia Mjomba, nikamwambia shikamoo, nikaanza kujitetea hapohapo. Kwamba gari limefika. Si lote, lakini limeanza kufika. Kwamba sehemu iliyofika imefika kabla ya pikapu ya Abeid, na haikuvutwa wala haikusukumwa. Mjomba alikuwa anafikiri! Naapa alikuwa anafikiri. Abeid akapiga kelele kwamba hawezi kurithi magurudumu matatu kwa sababu ya uhuni wangu, anataka yote manne.

Tukatafuta la nne. Amosi alikuwa amelikalia.

Kakaa juu ya tairi, miguu kaitanua, sahani ya pilau mapajani. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni kwamba hili tairi limewachoka Waluguru, limemkimbia mtani likaja kwa baba yake. Watani wenzake wakamzunguka. Akasema nimeshika mguu, leteni na mwili.

Na hapo mambo yakaisha. Mtani akishika kitu siku ya shughuli, ni chake, na kununa hairuhusiwi. Ukinuna, unachekwa mpaka kaburini. Nikamtazama Abeid, Abeid akanitazama mimi. Mara ya kwanza tangu utotoni tulikuwa upande mmoja. Mjomba akacheka, machozi yakamtoka, akasema basi, mtani kasema, na angalau mtani anajua kulifunga tairi.

Furaha alitoka baadaye, kapendeza. Kanishukuru. Anasema harusi yake haitasahaulika. Mwalimu akasema sawa.

Jumapili, 10 Septemba

Asubuhi Amosi kafungua gunia. Ndani mna rimu za zamani, inchi kumi na nne, zimegongwa, zimeungwa, zimepakwa rangi ya fedha. Alizitengeneza tangu Jumatano na akaja nazo Mlali kwa kuwa, anasema, ananijua. Kazifunga. Zimekaa sawasawa. Kaondoka taratibu, tairi nyembamba, mkono dirishani. Sikuweza kununa. Nilipunga mkono. Abeid alipunga pia, huku kashika msumeno.

Amosi hajaikata na hataikata. Hilo, ukweli, limenipoza. Lakini lilikuwa limebana mapaja.

Jumanne, 12 Septemba

Nimekaa na nimefikiri siku mbili, na kosa nimelipata. Rimu hazikuwa na kosa. Visahani havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa boliti. Boliti fupi! Ningepata boliti ndefu, ningeweka hata vidole vitatu.

Rimu zangu Amosi kanirudishia zote nne, hata ile iliyokimbia, ina mkwaruzo mmoja tu na ukiigeuza hauonekani. Regina anasema nizifanye meza za chai. Regina haoni mbali.

Sasa wewe. Ndiyo, wewe uliyefungua daftari la mtu bila hodi na umelisoma mpaka hapa, kwa hiyo tumeshajuana. Mimi nina miguu minne, inchi kumi na tano, alumini, na visahani vya saizi zote. Wewe huenda una gari. Chochote, mradi kina boliti nne mguuni. Lilete Mwembesongo, uliza muuza viatu. Tunalivalisha, tunalipeleka harusini, faida nusu kwa nusu. Boliti ndefu natafuta mimi. Njoo Alhamisi, Amosi ana safari ya Kisaki.