Mkono wa Jenezani

Alhamisi, 3 Oktoba 1974
Leo hapa stesheni ya TV ya Toledo tumerekodi kipindi chetu cha filamu za kutisha, safari hii ya nzige wakubwa. Mimi ndiye mtangazaji, Daktari Uvundo: joho, meno ya plastiki, unga usoni. Nimewatania watu wa ng'ambo ya mto mpaka wapiga picha wakashika mbavu. Kisha gunia la barua za watazamaji likaja. Zangu mbili. Zilizobaki zote za Mkono! Kiganja tu cha mwenzangu Ilonka Halasz, kinachochomoza jenezani kunipa chupa ya dawa. Kiganja kinaandikiwa barua za mapenzi!

Jumatatu, 7 Oktoba
Wazo! Tuuzike Mkono kipindini. Bosi, Bwana Pruitt, amekubali. Ilonka akaniuliza, sasa Stan, mimi nitafanya nini baada ya hapo? Nikamwambia apumzike, kwani amechoka kulala kwenye sanduku. Akasema hajachoka.

Alhamisi, 10 Oktoba
Mazishi yamerekodiwa. Akordioni, mishumaa, machozi ya kitunguu. Nilikuwa moto! Ilonka akaaga kila mtu. Mimi akanigusa bega tu. Bora angenitukana.

Jumapili, 13 Oktoba
Balaa! Kipindi kilirushwa jana, leo mashada ya maua yamejaa mlangoni pa stesheni. Mama muuza soseji ameniita muuaji, akakataa kuniuzia.

Alhamisi, 17 Oktoba
Aibu. Nimesahau maneno mbele ya kamera. Zamani nikisahau, Ilonka alikuwa akinifinya kifundo cha mguu kutoka jenezani na kuninong'oneza maneno. Miaka yote hiyo nikijisifu nina kichwa chepesi! Leo nimeduwaa, meno yakadondoka. Pruitt amesema Mkono usiporudi Alhamisi ijayo, kipindi basi. Nimejuta, jamani. Nimemkosea mtu aliyenibeba.

Jumapili, 20 Oktoba
Nimekwenda kwa Ilonka na keki ya njugu. Nimemwomba radhi, nimelia kweli. Akasema, hebu acha hizo Stan, keti ule. Atarudi! Ana ombi moja tu: Alhamisi ainuke jenezani, watu wauone uso wake. Mara moja tu, kisha atalala tena.

Uso mzuri anao. Nikaliwaza lile gunia la barua. Nikamwambia haiwezekani.

Akanifungia keki iliyobaki, akanifungulia mlango. Njia nzima moyo umeniuma. Kesho nitanunua glavu, niijaze pamba, iwe ndiyo Mkono. Glavu haitaandikiwa barua.