Tiara, Mashua na Mlingoti Usio na Kazi

Jumatatu, 3 Machi
Baba mkwe magoti yamemgomea. Anaiachia mashua yake! Ataipata mkwe atakayevuka bwawa kwa muda mfupi zaidi. Wakwe tuko wawili: mimi, mshona mapazia, na mwanyumba wangu, aliyemwoa dada ya mke wangu, mtu wa mafuta ya nywele na saa isiyoingia maji. Yeye atavuka Jumamosi, mimi Jumapili. Anasema ameshashinda. Tutaona.

Jumanne, 4 Machi
Ajabu. Nimechungulia dirisha la karakana: nguo kwenye kamba zimetulia tuli, lakini moshi wa tanuri la mikate ukipita paa unalala kabisa. Kumbe upepo wenyewe uko juu! Sasa tanga linafanya nini huku chini? Nitashona tiara kubwa, ipae, ivute mashua kwa kamba. Nimefungua ukurasa. Faida: upepo wa juu ni mwingi, mashua hailali ubavu, kitambaa kipo (pazia la bafu la mteja, hana haraka). Hasara: bado natafuta.

Alhamisi, 6 Machi
Jaribio uwanjani. Ilipaa! Nilicheka peke yangu. Halafu ikaniburuta hadi kwenye ua wa miiba. Faida: ina nguvu. Mke wangu aliuliza, upepo ukikatika na tiara ikalowa, nitairushaje tena nikiwa katikati ya maji? Nikamwambia mambo mazuri hayataki haraka. Baadaye nimekuta ameandika chini ya hasara, kwa mwandiko wake: mwendeshaji.

Jumamosi, 8 Machi
Mwanyumba amevuka kwa tanga la kawaida. Dakika kumi na tisa. Wakampigia makofi. Mimi nilikuwa nawaza. Tiara inavuta kutoka juu. Basi mlingoti ni wa nini? Mzigo tu, tena utanasa kamba. Jioni nimeazima msumeno kwa seremala. Mlingoti umekatika bila ubishi.

Jumapili, 9 Machi
Baba mkwe alipoiona mashua, aliketi chini. Nikamwomba asubiri. Upepo ukaja, tiara ikapaa, mashua ikachomoka. Kwa dakika mbili hakuna mtu aliyekuwa na furaha kunishinda. Kisha ubao wa kukalia, nilikofunga kamba, ukang'oka. Tiara ikaendelea na safari, na ubao wangu. Ilifika ng'ambo kwa dakika tisa. Mwanyumba alikuwa huko na saa yake, ni shahidi. Mimi nikabaki katikati, sina tanga, sina mlingoti, sina pa kukaa. Nilipiga maji kwa viganja mpaka mwanyumba akaja na mtumbwi kunivuta. Njiani alitazama saa yake mara mbili. Hilo liliniuma zaidi.

Nilidai muda wa tiara uhesabiwe. Baba mkwe alikuwa akipapasa kisiki cha mlingoti, machozi yakimlengalenga.

"Mashua ni ya mwenzako," alisema. "Wewe chukua ulichokata."

Niliona aibu. Nikauchukua.

Jumanne, 11 Machi
Mlingoti umelala sebuleni, ncha iko jikoni. Mke wangu anauruka na birika la chai. Nimeutazama asubuhi nzima. Hasara ya tiara sasa naijua: maji. Nchi kavu hakuna kulowa! Na mlingoti, ukitazama vizuri, unaenea kwenye baiskeli ya mke wangu. Ila baiskeli ina pedali mbili, nzito. Upepo ukivuta, pedali za nini? Kesho naazima msumeno wa chuma.