Macho ya Bosi Leonce

Jumatatu, 9 Juni

Baridi. Ukungu umeimeza milima yote ya Matogoro. Wiki ijayo muda wangu wa majaribio kazini unaisha. Bosi Leonce ndiye atakayeamua nithibitishwe au nirudi Mpitimbi kulima mahindi. Silali. Nesi wa hospitali ya Peramiho alinishauri nitafute kitu cha kutuliza moyo. Nimekipata: kitambaa chenye gundi na vijiwe vya plastiki vinavyometa. Unabandika kimoja kimoja kufuata alama mpaka picha itokee. Inatuliza mno, wanasema. Yangu imefika leo kwa basi, nimeitengenezesha kwa sura ya bosi, nimzawadie. Nitatulia na nitathibitishwa kwa mkupuo! Judica wa masjala humpelekea bosi maparachichi tu. Maskini.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemaliza kipara na tai. Sasa silali kwa kubandika. Ndiyo kutulia kwenyewe, nadhani. Gundi inanuka, nikaacha mlango wazi, nikaenda kuchota maji. Kurudi, mtetea wa Mama Walburga, mwenye nyumba wangu, yuko juu ya meza. Amekula vijiwe vyeusi vyote. Vyeusi ndivyo macho!

Bosi ananitazama bila macho. Bado ananitisha.

Jumamosi, 14 Juni

Nimemnunua mtetea. Mama Walburga akafurahi, akasema atampika mwenyewe. Nikaomba firigisi. Mzee Otto, mumewe, akaweka kikombe chini. Akauliza tangu lini kapera anadai firigisi na baba mwenye nyumba amekaa pale pale. Nikamwamkia shikamoo mara ya pili. Nikaeleza kwamba firigisi ni yake, mimi nataka uchafu wa ndani tu.

Wakatazamana. Mama akaniuliza, taratibu sana, nimetumwa na mganga wa wapi.

Nimepewa uchafu wangu juu ya jani la mgomba, kwa mkono ulionyooshwa kutoka mbali. Vijiwe vimesagika, vimepoteza mng'ao. Nimeviosha. Nimebandika.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemkabidhi bosi picha yake mbele ya ofisi nzima. Bosi anameta kila mahali isipokuwa machoni. Judica akasema, "Jamani Aidan, si ndizo zile picha zinazotangulia jeneza hizi? Bosi tumemzika lini?"

Wakacheka. Bosi hakucheka. Akauliza kwa sauti ndogo kama kuna jambo ninalolijua, maana Ijumaa tu alikwenda kupima moyo.

Jumatano, 18 Juni

Sikuthibitishwa. Nimeongezewa miezi sita ya majaribio. Bosi ameomba likizo ya ugonjwa. Mama Walburga amemwaga chumvi mlangoni kwangu.

Jumamosi, 28 Juni

Mvua nyepesi. Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: picha ilikuwa ndogo. Leo imefika kubwa zaidi, ya bosi na mkewe. Macho manne!

Mama Walburga amenunua mitetea wengine watatu. Wanaonekana wapole. Mlango nimeuacha wazi, gundi hii inanuka kuliko ile ya kwanza. Naenda kuchota maji mara moja.